Dakika Hamsini hadi Arua

Mlinipa saa ya ukutani siku ya kuniaga. Nashukuru. Ni nzuri, inang'aa, na jina langu limeandikwa bila kukosewa, jambo ambalo ofisi yetu haikuwahi kuliweza kwenye karatasi za likizo. Lakini sijaitundika, na kwa kuwa mmenisukuma niandike kumbukumbu zangu za kazini, bora mjue kwa nini. Msitegemee habari za vyeo. Vyeo vyangu vya mwanzo nilipewa na watu ambao baadaye waliikimbia nchi, na mshahara wa siku zile ulinunua sukari ilipopatikana, na kwa kawaida haikupatikana. Nitawaeleza kuhusu swali moja tu ambalo nimelijibu tangu usichana wangu mpaka mwezi uliopita: kutoka Entebbe mpaka Arua ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua muda gani?

Nyinyi mnabonyeza kompyuta, jibu linatoka, mnaendelea kunywa chai. Miaka ya sabini jibu hilo lilitaka kumuua mtu, na mtu huyo alikuwa rafiki yangu. Hasira niliyokuwa nayo wakati ule haijapoa. Waliosema uzee unatuliza moyo hawakuniuliza mimi.

Mimi ni mtoto wa Nateete, hapa Kampala. Baba alifundisha Kurani barazani kwetu, na nyumbani tuliongea Kiswahili tangu enzi za babu, aliyekuja na misafara ya biashara kutoka pwani akaoa hapa hapa. Kwa hiyo kampuni moja ndogo ya ndege ilipotaka msichana wa kuwajibu abiria wa Kongo, wa Kenya na askari waliokuwa wakienda makwao, jirani mmoja akanitaja. Ofisi ilikuwa mjini Kampala, chumba kimoja chenye kaunta na mizani ya kupimia mizigo na watu. Ndiyo, watu. Ndege ilikuwa moja, ndogo, ya injini mbili na viti vichache, na kila kilo ilihesabika. Mama mmoja tajiri wa Kansanga alikataa kupanda mizani mbele za watu, ikabidi tumzungushie shuka kama bibi harusi. Ndege yenyewe ililala Entebbe.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Dias, Mgoa aliyezaliwa Kampala na kuvaa tai hata siku za joto la Februari. Siku yangu ya kwanza alinipa uzi, bikari, rula na penseli, akanionyesha ramani iliyokuwa chini ya kioo cha meza yake, akasema nipime umbali wa Entebbe mpaka Arua. Nikaulaza uzi juu ya ule mstari mwekundu wa barabara, nikaufuata kwa uangalifu mkubwa, kona kwa kona, mpaka nikafika. Nilijiona hodari. Bwana Dias akautazama uzi wangu, akacheka mpaka miwani ikashuka puani.

"Binti," alisema, "hapo umesafirisha gunia la viazi kwa lori. Ndege inakwenda moja kwa moja."

Moja kwa moja ni kilomita mia tatu na sabini na kidogo. Hilo, aliniambia, halina mjadala, milima haihami. Muda ndio wenye mjadala. Muda unategemea ndege ipi, imebeba nini, upepo unavuma kutoka wapi, na kama kuna wingu baya la kulizunguka. Ndege yetu, siku ya kawaida, ilichukua saa moja na dakika ishirini kutoka kuacha ardhi mpaka kuigusa tena. Ndege kubwa ilichukua chini ya saa moja. Bwana Dias hakuwahi kuandika muda bila kuandika aina ya ndege pembeni. Muda usio na ndege, alisema, ni umbea. Tena abiria tuliwaambia muda mrefu zaidi kidogo, kwa sababu aliyeambiwa saa moja na nusu akafika mapema anakuombea dua, na aliyeambiwa saa moja akachelewa anakutukana wewe na waliokuzaa.

Nilikaa naye muda usiotosha. Amri ikatoka kwamba watu wa asili ya Asia waondoke nchini, na ikawahusu hata wale ambao makaburi ya mama zao yalikuwa hapa hapa Kampala. Siku ya mwisho alikuja ofisini na tai yake, akaifuta ile bikari kwa leso, akaiweka mkononi mwangu, akasema nisimruhusu mtu mwenye mikono ya mafuta kuishika. Alikuwa akikizungumzia kile chuma utadhani hakuna kingine kilichokuwa kikivunjika. Niliachiwa meza yake. Watu walinipongeza, na mimi nilitamani kuwatupia viatu.

Baada yake aliletwa Meja. Jina lake sitaliandika. Si kwa hofu, hofu ya watu kama wale niliimaliza zamani. Ni kwamba halistahili wino wangu. Aliwekwa kuwa msimamizi wa kampuni kama ambavyo wenzake waliwekwa kusimamia viwanda vya sabuni na maduka ya vitambaa, yaani bila kujua lolote na bila aibu yoyote. Alikuja na askari wawili waliokalia viti vya abiria, na abiria wakawa wanasimama. Alipenda mambo matatu: kahawa ya bure, simu yetu, na saa yake ya mkononi, kubwa kama kifuniko cha birika.

Siku moja wakubwa walikwenda Arua kwa ndege kubwa, na Meja akapata kiti. Alihesabu kwa saa yake. Kesho yake aliingia ofisini akiwa na furaha ya mtu aliyegundua mto.

"Kuanzia leo," alisema, "Entebbe mpaka Arua ni dakika hamsini."

"Afande," nilisema, "ile mliyopanda jana ni ndege kubwa. Yetu ni ndogo, inakwenda polepole."

"Umbali ni ile ile?"

"Ndiyo afande, ni ule ule."

"Basi! Kama umbali ni moja, dakika ni moja. Ama wewe nataka kusema Arua nakimbia ikiona ndege yako?"

Wale askari wakacheka. Makarani wakacheka pia, maana siku zile mkubwa akicheka nawe unacheka, hata kama unayechekwa ni wewe.

"Ni injini, afande," niliendelea, kichwa kigumu. "Na upepo."

"Upepo!" alisema. "Hii upepo iko upande gani? Ya serikali ama ya adui?"

Alimwita mchora mabango, akaandikiwa ubao kwa rangi nyekundu: ENTEBBE–ARUA DAKIKA 50. Akautundika ukutani, juu kidogo ya kichwa changu. Tangu siku ile sitaki kitu cha kutaja muda juu ya kichwa changu, hata saa yenu nzuri. Sasa ikawa mimi natoa jibu moja kwa mdomo na ubao unatoa jingine, na abiria wanatuangalia sote wawili wasijue nani mwongo. Nyinyi mnaoandika muda kwenye tiketi, mkubwa akiwaletea dakika zake, mwulizeni alikuwa kwenye ndege gani. Mwulizeni kwa heshima, lakini mwulizeni.

Kwa wiki chache ubao ulikuwa kichekesho. Aliyeucheka zaidi ni rubani wetu, Kapteni Opira. Alikuwa Mwacholi mrefu, mpole, aliyepanga chumba Kansanga, na kila alipopita kwenye baa za pale aliniletea soda akidai ni mchango wake kwa dini yangu. Kabla ya kila safari alikuja mezani kwangu kuchukua hesabu za upepo, na alikuwa rubani wa aina ambayo mtu hufurahi kumfanyia hesabu, kwa sababu alizisoma mpaka mwisho. Aliutazama ule ubao, akasema, "Dada, mwambie Meja anipe hizo injini alizozihesabia." Tulicheka. Hatukujua kwamba Meja alikuwa ameweka askari uwanjani Arua, amempa saa, na amemwagiza aandike Opira anatua saa ngapi.

Opira aliruka kwenda Arua siku ya anga safi, akachukua muda wake ule ule wa siku zote, akarudi. Alipotua Entebbe askari wa Meja walikuwa wanamngoja chini ya ngazi. Walimchukua na mkoba wake, wakampeleka kwenye nyumba moja Mbuya, mjini Kampala, nyumba ya kawaida tu yenye ua wa maua na mapazia yaliyofungwa. Kosa lake lilikuwa dakika thelathini.

Nataka mlielewe hili vizuri, maana mimi mpaka leo linanichoma. Watu walikuwa wakiikimbia nchi. Mtu wa kaskazini, wa kabila la Opira, hakuhitaji kuwa na kosa, ilihitajika sababu tu, na sababu yake ilikuwa imetundikwa juu ya kichwa changu kwa rangi nyekundu. Kama safari ni dakika hamsini na yeye ametumia themanini, basi katikati kuna mahali alikotua. Alitua wapi? Alimshusha nani? Alipakia nini? Walimuuliza hivyo mchana na usiku kuhusu kitu ambacho hakikuwepo.

Nilikwenda kwa Meja. Alikuwa anakunywa kahawa yetu.

"Afande, Kapteni Opira hakutua popote."

"Sasa hiyo dakika thelathini alikuwa wapi?"

"Alikuwa angani, afande. Alikuwa bado anakwenda."

"Anakwenda wapi? Njia ni dakika hamsini. Baada ya hamsini njia imekwisha. Mtu nakwenda wapi kama njia imekwisha?"

Nikamwomba aje aone ramani. Alisema ramani ni kazi ya Wazungu. Nikataka kumwonyesha safari zote za nyuma, kwamba hata kabla ya ubao ndege hii haikuwahi kufika kwa dakika hamsini. Akasema hiyo inaonyesha tu kwamba Opira alianza usaliti zamani. Hapo ndipo nilipoona kwamba nikiendelea kuongea ukweli nitamwongezea mwenzangu mashtaka.

"Basi panda mwenyewe, afande," nilimwambia. "Kaa mbele, karibu na rubani, na saa yako. Akitua mahali utamwona kwa macho yako."

Wazo la kumnasa msaliti angani, yeye mwenyewe, lilimpendeza. Likabaki suala la rubani, na hapo hakuwa na ujanja: marubani wengine wa ndege ile walikwishakimbia mmoja baada ya mwingine, amebaki Opira.

"Sawa," alisema. "Yeye narusha. Na wewe pia napanda. Kama hamsini inapita na hatujafika, nyinyi wawili mtanieleza vizuri sana."

Asubuhi ya safari Opira aliletwa Entebbe kwa Landrova. Alikuwa amevaa shati lisilo lake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba, vidole vimekaa kama ndizi zilizoiva. Nilimsalimia, akanijibu vizuri, akauliza upepo, nikamwambia. Kisha akaikagua ndege kama kawaida, akizunguka pole pole, akigusa kila kitu kwa mkono wa kushoto. Kama mnataka kujua rubani ni nani, ni yule. Meja alisimama pembeni akitazama saa yake, akasema tunachelewa.

Tuliondoka saa tatu kamili. Meja alikaa mbele, mimi nyuma yao, na nyuma yangu askari wawili ambao hawakuwahi kupanda ndege na waliofumba macho kabla hatujaacha ardhi. Opira aliongoza kwa mkono wa kushoto. Palipohitajika mkono wa kulia kusukuma kitu, aliusukuma kwa kiganja, na jasho lilimtoka sikioni mpaka shingoni. Tuliiacha Kampala kulia kwetu, vikafuata vinamasi na mashamba, kisha Masindi. Meja alitangaza kila dakika kumi zilipopita, kwa sauti, kama kondakta. Nilikuwa na ramani magotini, na kwa hesabu yangu nilijua dakika ya hamsini itatukuta wapi. Nilimwomba Mungu nisicheke.

"Hamsini!" alisema Meja. "Tumefika. Teremsha."

"Afande, bado," alisema Opira.

"Mimi nasema teremsha!"

"Afande, chini ni maji."

Meja akainamia dirisha. Chini yetu ilikuwa Ziwa Albert, ncha yake ya kaskazini, tambarare na la kijivu. Serikali ilikuwa imelibadilisha jina, lakini maji yenyewe hayakuwa na habari.

"Hii maji gani?"

"Ni ziwa, afande."

"Nani naweka hii maji hapa?"

Opira aliendelea kuongoza, macho mbele. Meja alitazama ziwa, akatazama saa, akatazama ziwa tena, na nikaona uso wake unavyofanya kazi. Sikilizeni, mimi nilidhani hapo mambo yamekwisha. Nilikuwa kijana, niliamini kwamba mtu akiona kitu kwa macho yake, basi amekiona. Nilidhani ataniambia, sawa Zaina, mwachieni mtu huyu akatibiwe mkono.

Tulitua Arua saa nne na dakika ishirini. Askari wa uwanjani walikuwa wamepanga mstari kumpokea, na sajini wao mbele, mtu mzima mwenye mvi. Meja alishuka, akasimama kwenye nyasi mbele yetu sote. Akavuta kile kitufe cha saa yake, akaanza kurudisha mishale nyuma. Alifanya taratibu, bila kujificha, kidole na gumba, mpaka ikafika saa nne kasoro dakika kumi. Akabonyeza kitufe.

"Dakika hamsini," alisema. "Zaina. Safari ni dakika ngapi?"

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na sijawahi kutukanwa namna ile bila kutajiwa tusi. Aliliona ziwa! Aliuona mkono uliotuleta! Alijua, na alijua kwamba najua, na alitaka neno hilo litoke kinywani mwangu. Nikisema themanini, amekuwa mwongo mbele ya askari wake, na Opira hatarudi hata Mbuya, atamalizwa hapo hapo nyuma ya mapipa ya mafuta. Nikisema hamsini, basi safari ilikuwa hamsini siku zote, na hakuna dakika iliyopotea, na hakuna kosa. Opira alikuwa ameegemea bawa.

"Hamsini, afande," nilisema.

"Eeh. Basi huyu hana makosa."

Sijutii jibu lile na sitalitubia. Lakini kwamba ukweli ulisimama pale uwanjani na usimfae mtu kitu, na uongo ndio ukamfungua, hilo nimelikasirikia miaka yote hii.

Meja alikuwa amealikwa chakula mjini. Alimwambia sajini: "Huyu rubani najaza mafuta. Wewe nachunga yeye mpaka saa sita kamili. Saa sita kamili mimi nafika, tunaruka." Akaingia garini na wale askari wake wawili, akaenda.

Pale uwanjani palikuwa na kibanda cha ofisi, na ndani yake saa ya ukutani iliyokwenda vizuri. Mafuta yalitoka kwenye mapipa kwa pampu ya mkono. Askari walisukuma, Opira akichunguza mafuta kama yameingia maji, na kazi ikaisha mapema. Tulikaa kivulini chini ya bawa, sajini na bunduki yake hatua chache kutoka kwetu. Saa ya kibandani ilipofika saa sita, sajini alisimama, akachungulia mlangoni, akarudi.

"Saa sita kamili," alisema. "Amri yangu ilikuwa mpaka saa sita kamili. Kazi yangu imekwisha. Mimi nakwenda kula posho."

Akawakusanya vijana wake, wakaondoka kwa mstari kuelekea jikoni. Sijui mpaka leo kama yule mzee alikuwa mjinga au alikuwa mwema. Jeshi lina namna yake, amri ikiishia saa sita inaishia saa sita, na si kazi ya sajini kuuliza saa ya nani. Alikuwepo kwenye ule mstari wakati mishale inarudishwa nyuma. Aliona nilichoona.

Opira alinitazama.

"Dada," alisema, "kutoka hapa mpaka mpakani ni muda gani?"

Lilikuwa swali nililolijibu kaunta kila wiki, kwa wafanyabiashara waliokuwa wakiendelea na safari kwenda Zaire. Nililijibu kama ninavyolijibu siku zote, nikataja na chombo cha kusafiria, kama nilivyofundishwa.

"Kwa ndege, watasikia injini. Kwa miguu, utakamatwa. Kwa gari la wafanyabiashara wa tumbaku, nusu saa haiishi. Magari yao yanapita barabara ile pale, na wenyewe wanajua njia ambazo hazina vizuizi."

"Na wewe je?"

"Wakiniuliza, mimi najua tu habari za angani," nilisema. "Nenda."

Alinishika bega kwa mkono wa kushoto. Kisha alitembea, hakukimbia, akavuka nyasi kama mtu anayekwenda kuangalia upande upepo unakotoka, mpaka barabarani. Nilisikia gari likipunguza mwendo, halafu likiongeza.

Meja alifika saa sita kamili kwa saa yake, ameshiba, akichokonoa meno.

"Rubani wapi?"

Sajini alikuja mbio akijifuta mdomo. "Afande, ulisema nachunga yeye mpaka saa sita kamili. Nilichunga."

"Saa sita ni sasa!" Meja alimsogezea saa usoni. "Tazama!"

Sajini akaitazama saa ya Meja. Akageuka, akaitazama ya kibandani, iliyokuwa inaonyesha saa sita na nusu. Akawatazama vijana wake, na wao wakatazama viatu vyao.

"Ndiyo afande," alisema. "Ni sasa."

Angesema nini kingine? Kusema rubani ameondoka nusu saa iliyopita, ilibidi kwanza mtu aseme ile nusu saa ilitoka wapi. Nilimwona Meja akifungua mdomo, nikamwona akielewa, nikamwona akiufunga. Sikumbuki kufurahia ukimya wa mtu namna ile, kabla wala baada ya hapo. Walipotuma gari mpakani lilirudi na vumbi tu.

Habari zilinifikia miezi kadhaa baadaye kupitia watu wa tumbaku: alivuka, akatibiwa na masista, na vidole viwili vilikataa kunyooka. Hakuna aliyeweza kuniambia kama alirusha ndege tena. Ndege yetu ilibaki Arua, nyasi zikaota mpaka tumboni mwake.

Meja alitangaza kwamba rubani amebaki Arua kwa kazi maalumu. Alisema huku akinitazama, na nikaelewa kwamba sasa ananihitaji. Wakubwa wake wangejua msaliti aliyemshika mwenyewe amempotea mwenyewe, nyumba ya Mbuya ingempata mgeni mpya. Neno langu tu lingetosha. Kwa hiyo hakunigusa. Alinipa kiti cha nyuma kwenye Landrova ya jeshi, na tukarudi kwa barabara, mashimo na vumbi, kizuizi baada ya kizuizi, ambako askari waliokuwa hawamjui walimwamuru ashuke aonyeshe karatasi zake kama raia yeyote. Gari liliharibika Pakwach, na kesho yake likaharibika tena.

Siku ya pili, mbele ya Karuma, Meja aligeuka. Nguo zake zilikuwa nyekundu kwa vumbi, midomo imepasuka. Kwa mara ya kwanza aliongea nami kama abiria, mtu aliyechoka, mwenye njaa, anayetaka kufika kwake.

"Zaina," alisema kwa upole. "Kutoka hapa mpaka Kampala ni saa ngapi?"

Nilijua. Niliijua barabara ile tangu siku niliyoulaza uzi juu yake. Nimewajibu walevi, nimewajibu wafiwa, nimewajibu watu walionitemea mate kwenye kaunta, kwa sababu anayeuliza njia anajibiwa, hiyo ndiyo kazi yetu.

"Iulize saa yako, afande," nilimwambia.

Dereva alikosea usukani kidogo, gari likayumba, likarudi barabarani. Meja aligeukia mbele, akabaki hivyo mpaka tulipoingia mjini. Katika miaka yote niliyokaa kwenye meza ile, huyo ndiye msafiri pekee niliyemnyima jibu, na akija leo nitamnyima tena.